Nyasi za Baraka Ndani ya Paipu ya AC

Kabla hujafungua dashibodi ya mtu, lala chini uangalie tumbo la gari. Hilo ndilo la kwanza, na ningependa mliandike mahali, maana nyinyi vijana wa siku hizi hampendi kulala chini. Mnachomeka mashine yenu ya kupima, mnasoma skrini, na skrini ikinyamaza mnamwambia mteja gari iko sawa, na mteja amesimama hapo soksi zimelowa. Mimi nimelala chini ya magari Kitengela zaidi ya miaka thelathini. Mgongo wangu unajua kila kokoto ya ile gereji yetu ya nyuma ya kituo cha mafuta, barabara ya kwenda Namanga. Jina langu ni Njoroge, lakini ukiniulizia kwa jina hilo pale utazunguka mpaka viatu viishe. Ulizia Baridi. Kazi yangu ilikuwa AC, na jina likanishika.

Sasa sikilizeni. AC hutoa maji. Huo si ugonjwa. Nyuma ya dashibodi kuna koili baridi, na hewa ikipita hapo koili inatoa jasho, kama chupa ya soda ikitoka kwa friji. Jasho linadondoka kwa trei, linapita kwa paipu ya mpira unene wa kidole, paipu inatoboa ukuta wa injini, maji yanamwagika nje chini ya gari upande wa abiria. Ukiona gari imesimama juani AC ikifanya kazi na chini kuna kadimbwi, furahi. Ukikuta chini kumekauka na zulia la ndani limelowa, paipu imeziba. Ni hivyo tu. Lakini hiyo “ni hivyo tu” imeaibisha mafundi wengi, na mimi nitawaambia ilivyoniaibisha, na jinsi nilivyotoka kwa hiyo aibu nikiwa nimeinua kichwa.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, karibu na miaka yangu ya mwisho kazini. Mwalimu Naserian wa Kajiado aliingia gereji akiendesha gari ya mama yake. Mama alikuwa amekaa mbele, shanga zimejaa shingoni, miguu ameiweka juu ya dashibodi kama msichana wa shule. Sote tulimwita Koko, yaani nyanya. Watoto wake walikuwa wamechanga wakamnunulia gari hiyo, na mimi ndiye niliyeikagua ilipofika kutoka Japani.

“Takwenya, Koko,” nikamsalimia kwa Kimaasai.

“Iko,” akaitika. Kisha bila kupumzika: “Baridi, gari yangu inakojoa.”

“Inakojoa wapi, Koko?”

“Kwa miguu yangu.”

Naserian alinieleza mengine kando, sauti chini. Jumamosi kulikuwa na harusi Rombo, kule karibu na mpaka. Mjukuu wa Koko ndiye alikuwa anaolewa, na alikuwa amesema wazi kwamba hatoki nyumbani kwao mpaka nyanya yake ambariki kwa mkono wake. Safari ni ndefu na kifua cha Koko hakitaki vumbi. Madirisha yakifunguliwa, anakohoa mpaka wanasimamisha gari. Madirisha yakifungwa na AC ikiwashwa, maji yanamwagika miguuni, na gari inanuka maziwa yaliyooza. Gereji moja Nairobi iliwaambia dashibodi yote ishuke, wiki nzima. Mtu mwingine akapaka gundi kwa kioo cha mbele. Maji yakaendelea.

“Na kuna jambo lingine, Fundi,” Naserian akasema. “Hii gari ilibarikiwa. Baba mdogo ndiye alishika kibuyu cha maziwa. Sasa vile imeanza kunuka, Yeyo, mama yangu, anasema labda baraka ilikataa. Mwezi mzima hajaongea na baba mdogo.”

Baba mdogo ni shemeji yake Koko, mdogo wa marehemu mzee. Wale wawili walikuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili. Niliposikia hivyo nilijua kazi iliyokuwa mbele yangu imepita paipu.

“Koko,” nikasema, “Jumamosi utaenda Rombo na miguu mikavu.”

“Unaahidi?”

“Naahidi.”

Msiwahi kuahidi kabla ya kulala chini. Hilo la pili muandike pia.

Nilianza vile Okelo alinifundisha. Okelo ndiye alinilea kikazi, kule Industrial Area, nikiwa sina hata ndevu. Alikuwa anasema, “Usiulize maji yanaenda wapi. Uliza yametoka kwa nani.” Maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, yanateleza kwa vidole na yana rangi. Maji ya mvua yanakuja na mvua. Maji ya AC ni safi, baridi, hayana habari, mpaka yakae kwa zulia siku tatu ndiyo yaanze kunuka. Okelo yeye alikuwa anaonja. Anachovya kidole, anaramba, anatema, anataja. Nyinyi msionje, ile ya rejeta ni sumu. Okelo mwenyewe alikuwa akiumwa na tumbo kila Ijumaa, na sisi tulidhani ni mambo ya mwisho wa wiki.

Nilikamua zulia la Koko kwa kiganja. Halikuteleza, halikuwa na rangi. Nikawasha gari, AC mpaka mwisho, nikalala chini. Robo saa nzima nikiwa hapo, na paipu haikutoa hata tone. Kumbe wale wa kioo na wale wa dashibodi hakuna aliyelala chini. Nilifurahi sana, nakwambia ukweli. Nilitoka nikijipangusa mgongo nikamwambia Koko ni dakika kumi.

Dakika kumi zikawa asubuhi yote.

Nilichukua uzi wa nailoni, ule wa mashine ya kukata nyasi, nikausukuma ndani ya paipu pole pole. Uzi ni laini, ukigonga kitu unajikunja, hauumizi. Ulienda urefu wa kidole kimoja ukagonga kitu kigumu. Nikazungusha, nikavuta, nikasukuma tena. Ngumu. Kuna kijana hapa anajiambia, si angechukua spoku ya baiskeli? Nilishaichukua, miaka mingi kabla ya Koko, kwa gari ya daktari mmoja wa mifugo. Nilisukuma kwa nguvu, nikasikia kitu kimeachia, nikashangilia. Kilichoachia ni koili. Niliitoboa, gesi yote ikatoka ikipiga mluzi, na kazi ya paipu ikageuka kazi ya koili nzima. Yule daktari hakunitukana. Alinitazama tu vile anatazama ng'ombe ambaye hatapona.

“Piga na upepo,” Naserian akasema, akionyesha ile mashine ya kujaza tairi. “Si upepo utatoa?”

“Mwalimu, keti nikuambie habari ya pasta.”

Na nyinyi niwaambie. Pasta mmoja alileta gari yake Jumapili asubuhi akienda kufungisha ndoa, suti nyeupe kutoka kola mpaka kisigino. Paipu ilikuwa imeziba. Mimi na ujana wangu nikashika bomba la upepo, nikaliweka kwa paipu kutoka chini, nikaachilia nguvu yote. Uchafu ulizibuka, ndiyo, lakini haukuja chini. Ulipanda juu. Ulipita kwa trei, ukapita kwa koili, ukatokea kwa matundu ya dashibodi, na pasta alikuwa ameketi hapo mbele yake akisubiri baridi. Nilipochungulia alikuwa na madoa kama chui. Alifunga macho muda mrefu akiomba, na mpaka leo sijui aliniombea au alinishtaki. Upepo unasukuma uchafu ndani. Paipu hainyanyaswi kutoka chini. Inavutwa.

Koko alicheka hiyo habari ya pasta mpaka akakohoa. Alikuwa amewekewa kiti chini ya bati, fimbo magotini, macho yake kwa mikono yangu. Hakuna mtu mgumu kufanyia kazi kama mama anayekutazama bila kusema kitu.

Nikaamua nione kutoka juu. Mbele ya abiria kuna kile kisanduku mnachoweka tishu na karatasi za bima. Ukikishusha, nyuma yake kuna kifuniko chembamba, na nyuma ya kifuniko ndipo inakaa filta ya hewa ya ndani. Nilishusha kisanduku nikatoa kifuniko. Filta haikuwepo. Pango tupu, na huko ndani vumbi la Kitengela limejaa, lile jeupe la machimbo, limechanganyika na vipande vya nyasi.

Hapo nikawaka. Niko na hasira za karibu, kila mtu aliyefanya kazi na mimi anajua. “Ni fundi gani huyu mjinga alitoa filta?” nikauliza gereji yote. “Huyu mtu ameua gari ya mama wa watu. Filta ndiyo mlango. Umeng'oa mlango unashangaa ng'ombe wako ndani? Huyo si fundi, huyo ni mwizi wa spana.” Wambui, jirani yetu wa kuosha magari, alizima mashine yake ya maji asikie vizuri. Nikaendelea. Nilimtaja fundi huyo na shule ambayo hakwenda.

Kisha nikageuza kile kifuniko mkononi. Kwa upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya kalamu nyeusi ya wino mzito: SAWA. BARIDI.

Huo ulikuwa mtindo wangu. Kila gari niliyoikagua niliiandika mahali pa siri, ili ikirudi nijue mkono wangu ulipita. Na nikakumbuka yote. Siku ile gari ilikuja kutoka Japani, Koko alisema upepo ni mdogo. Nikafungua, nikakuta filta imejaa, nikaitoa nikaitupa, upepo ukapiga kama wa milima ya Ngong, na Koko akanisifu. Kitengela sote tulikuwa tunafanya hivyo. Vumbi linajaza filta kila mara, mteja analalamika, fundi anatoa filta, mteja anafurahi. Nilikuwa na gunia zima la filta nyuma ya gereji. Tulikuwa tunaita hiyo kufungulia gari pumzi.

Nilisimama hapo na kifuniko mkononi na kitambaa chenye thina mfukoni. Thina inafuta wino mara moja. Hakuna aliyeona maandishi. Nawaambia kitu ambacho sikumwambia hata mke wangu kwa muda mrefu: nilitoa kile kitambaa. Kilikuwa mkononi. Kisha nikakirudisha mfukoni, nikaweka kifuniko kwenye benchi maandishi yakiangalia chini, nikajiambia kwanza tuzibue, mengine baadaye.

Nilimwomba Wambui ile vakyum yake ya kufyonza vumbi la viti, ile inayovuta pia maji. Nikamwaga maji ya vuguvugu kidogo kutoka juu, pale pango la filta, kikombe kimoja, nikangoja yalainishe matope. Kisha nikalala chini, nikashika mdomo wa vakyum kwa paipu, nikafunga na kipande cha mpira wa tairi ili hewa isitoroke. Wambui akawasha. Mashine ikalia kwa sauti nyembamba, ile ya kuvuta kitu ambacho hakitaki. Tukangoja. Akazima. Nikamwaga kikombe kingine. Tukarudia. Mara ya tatu. Mara ya nne Wambui akasema mashine yake itaungua, nikamwambia iungue.

Mara ya tano sauti ilibadilika. Mafundi wa kweli wataielewa sauti hiyo: mashine inashuka koo, inakunywa. Nikatoa mdomo wa vakyum haraka nione, na hapo ndipo maji yote yaliyokuwa yamekaa kwa trei yakanishukia usoni. Baridi, machafu, yananuka, mengi. Yaliingia kwa macho, kwa masikio, kwa mdomo. Na mimi nimelala hapo chini nacheka kama mwehu, nikipiga sakafu kwa kiganja, Wambui anapiga vigelegele, Naserian anauliza kama nimeumia. Sijawahi kuoga maji matamu kama yale. Madereva waliokuwa wakiweka mafuta upande wa pili walikuja kuona ni nani amejifungua.

Mwisho kabisa kikateleza kile kizibo chenyewe. Kilikuwa urefu wa kidole, kigumu, na nilipokivunja mkononi ndani kulikuwa na nyasi. Zilikuwa zimejisokota, zimeshikwa na matope na kitu cheupe kinachonata.

Koko alikuwa amesimama. Alikuja akachukua kile kizibo akakigeuza kwa vidole vyake, na uso wake ukazima.

“Hii ni nyasi yetu,” akasema. “Hii ni ile ya kubariki.”

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Siku ya baraka wazee walinyunyiza maziwa kwa nyasi mbichi juu ya boneti na kioo, kisha wakaacha nyasi zimefungwa kwa waipa, kama inavyofaa. Chini ya waipa ndipo gari inapovutia hewa. Nyasi zikakauka, zikasagika, zikaingia na maziwa yake.

“Basi ilikataa kweli,” Koko akasema polepole. “Imerudi yenyewe. Shemeji yangu alishika kibuyu na moyo mchafu.”

Naserian akaangalia chini. Hapo ndipo nilipoona kunyamaza kwangu kungeharibu nini. Maji yalikuwa yameshatoka, gari imepona, sifa zote zangu, na mzee mmoja huko Kajiado angezeeka bila kunywa chai na mtu wa nyumba yake. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nilienda kwa benchi nikachukua kifuniko nikampa Naserian.

“Mwalimu, msomee mama.”

Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena kwa sauti, kisha akamweleza mama yake kwa Kimaasai.

“Koko,” nikasema, “shemeji yako hana makosa. Gari hii iliundwa ikiwa na filta ya kuzuia nyasi, na mimi niliitoa nikaitupa. Baraka ilikuja vizuri ikakuta mlango hauko. Yule fundi mjinga niliyekuwa namtukana ni mimi.”

Wambui alikuwa ameshika kinywa. Koko alinitazama kutoka viatuni mpaka nywele, na mimi nimelowa kama kuku wa mvua.

“Wewe ndiyo mwizi wa spana?”

“Ndiyo mimi, Koko.”

“Na hiyo shule hukuenda?”

“Sikuenda.”

Akaanza kucheka. Ilianza kwa mabega, ikashuka, shanga zote zikacheka naye, na safari hii hakukohoa. Alinishika mkono wangu mchafu, akatema mate kidogo kwa kiganja changu, vile wanabariki watoto wao, akasema maneno ambayo sikuyajua yote ila Enkai, yaani Mungu, nililijua. Naserian akaitikia “Naai,” ndiyo amina yao. Nikaitikia pia. Kisha Koko akaitisha simu, akampigia shemeji yake hapo hapo mbele yetu. Alichosema kilikuwa kifupi. Naserian alinitafsiria: “Jumamosi uwe tayari mapema. Utakaa kiti cha nyuma.”

Kazi iliyobaki ilikuwa ya furaha. Tulitoa zulia tukalianika kwa uzio mpaka jioni ya Ijumaa, na jua la Kitengela lilifanya kazi bila kuitwa. Nikaweka filta mpya. Nikawasha AC nikalala chini, na tone la kwanza likaanguka, la pili, kisha yakawa yanafuatana. Kwa kifuniko sikufuta maandishi ya zamani. Niliandika chini yake tarehe, na neno moja: SASA.

Lile gunia la filta nililichoma wiki hiyo hiyo. Kila mteja aliyelalamika upepo ni mdogo nilimuuzia filta nyingine au nikamwambia aikung'ute, na akinuna nikamwonyesha kizibo cha Koko, ambacho niko nacho mpaka leo kwa chupa ya jemu. Na huko Kajiado, gari mpya ikitaka kubarikiwa, mtu hutandaza shuka chini ya kioo kwanza, nyasi zikishaachwa kidogo zinatolewa kwa heshima. Baraka haipungui kwa kuwekewa shuka. Hilo walilisema wazee wenyewe, sikulisema mimi.

Lakini mlitaka kujua habari ya Jumamosi.

Nilikuwa gereji, nimeshika spana bila kufanya nayo kitu. Saa tano simu ikalia. Sikusikia salamu. Nilisikia mbuzi.

“Baridi,” Koko akasema, “ulisema maji itatokea wapi?”

“Chini, Koko. Upande wako.”

“Basi inatoka. Tumesimama sasa hivi tu, na mbuzi ya watu ya Rombo wamelala chini ya gari yangu wanakunywa. Shemeji anawafukuza na fimbo, wanarudi.”

“Na miguu?”

“Miguu?” Nikasikia wanawake wakiimba karibu, na mlango wa gari ukifunguliwa. “Kavu. Nimekuja na soksi ya harusi, nyeupe, na imefika nyeupe.”

Nilitaka kusema kitu cha ufundi, kitu cha filta. Koko akaniambia nisikate simu, msichana ameshatolewa nje anangoja, nisikie. Basi nilisimama katikati ya gereji na simu kwa sikio, na kule Rombo nyanya akaanza kumbariki mjukuu wake, kifua chake kikiwa wazi, mstari kwa mstari bila kikohozi, na kila alipotua nikaitikia pamoja na watu wa huko. Naai. Naai. Wambui akazima mashine yake ya maji na kuniuliza ni nani nazungumza naye, nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, bado haijaisha.